Leja, Sinia na Kioo cha Inchi 24

Hotuba kwa wahasibu, makarani na wajumbe wa bodi za vyama vya ushirika vya Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, ndugu wahasibu na makarani mliotoka Mbozi, Rungwe, Kyela, Mbarali, Mufindi na Njombe, nawasalimu nyote, na wale mlioondoka Mafinga alfajiri nawapa pole kwa baridi ya njiani.

Nimepewa mada inayohusu vioo vikubwa vya kompyuta na tija kazini. Nilipoiona kwenye ratiba, ikiwa imebanwa kati ya mikopo ya pembejeo na chai ya saa nne, nilielewa kwamba waandaaji waliiweka hapo ili kupumzisha masikio yenu baada ya mambo mazito. Siwalaumu. Kwa wengi wetu kioo kikubwa ni cha kutazamia mpira, na kikionekana ofisini hudhaniwa kuwa ni anasa ya mkubwa. Mimi nitasema kwamba kwa mtu anayeandaa malipo ya wakulima, kioo ndiyo meza yake ya kazi, na kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukiwapa makarani wetu meza yenye ukubwa wa sinia, kisha tukiwagombeza kwa kuchelewesha hesabu.

Nilianza kazi mwaka 1989 nikiwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi, wakati huo Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Daftari letu la malipo, yaani leja, lilikuwa kitabu kipana chenye jalada gumu, ambacho kikifunguliwa kilifunika meza karibu yote, hata kikombe cha chai kikakaa sakafuni. Jina la mkulima lilianzia ukingo wa kushoto, na alama ya dole gumba lake ilikuwa ukingo wa kulia. Katikati zilipangwa kilo, bei, makato ya pembejeo, ushuru wa chama na kilichobaki mkononi. Jicho lilisafiri katika mstari mmoja kutoka jina hadi dole gumba bila kunyanyuka, na kidole cha shahada kikalisindikiza. Tulikosea kujumlisha, ndiyo, na tulikosea sana, kwa kuwa mashine ya kukokotoa ilikuwa moja na betri zake zilikuwa za kuvizia. Lakini sikumbuki hata mara moja ambapo tulimlipa mtu fedha za jirani yake.

Kompyuta ilipoingia, tulipata kujumlisha kusikokosea, kupanga majina kwa sekunde moja, na nakala ambazo panya hawali. Tulichopoteza hakuna aliyekiona, kwa sababu hakikuandikwa kwenye hati ya makabidhiano: tulipoteza upana. Jedwali la Excel, programu tunayofanyia hesabu, tangu toleo la mwaka 2007, lina mistari 1,048,576 na safu 16,384, eneo ambalo hakuna leja iliyowahi kulikaribia, lakini eneo hilo lote karani wetu analichungulia kupitia tundu. Kompyuta mpakato ya kawaida ya inchi 15.6 ina kioo chenye upana wa takribani sentimita 34 na kimo cha sentimita 19. Karatasi ya A4 ina kimo cha karibu sentimita 30. Maana yake ni kwamba karatasi moja tu, ile ile tunayoijaza kila siku, haiwezi kusimama yote ndani ya kioo hicho kwa ukubwa wake halisi.

Sasa pimeni kioo cha inchi 24. Upana wake ni sentimita 53 na kimo chake ni sentimita 30 kasoro kidogo sana. Karatasi mbili za A4 zikisimama bega kwa bega zinachukua sentimita 42, hivyo zinaingia zote mbili, na pembeni hubaki nafasi ya upana wa kiganja. Ni kweli kwamba vitufe vya programu vinakula ukanda wa juu na ule wa chini, hivyo itabidi kurasa zipunguzwe kidogo, lakini zinasomeka. Kurasa mbili zilizofunguliwa kwa pamoja ndiyo leja yangu ya Mbozi. Tena si wazo la jana: maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, ilipotengeneza kompyuta yake iliyoitwa Alto mwaka 1973, ilikipa kioo chake umbo la kusimama, kirefu kuliko upana wake, ili ukurasa mmoja wa karatasi uonekane wote. Mashine iliundwa ifuate karatasi. Baadaye soko lilitugeuzia kioo kikalala, kwa faida ya sinema nadhani, na karani akaachwa ajikunje.

Naomba mnivumilie niwasimulie kosa langu mwenyewe. Chama sitakitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilikuwa nikiandaa malipo ya wakulima zaidi ya mia tatu, majina yakiwa yamepangwa kwa alfabeti. Ninyi mliotoka Rungwe na Kyela mnajua herufi ya M inavyokuwa katika orodha zetu: ni mstari baada ya mstari wa Mwa, Mwaka, Mwaki, Mwan, mpaka macho yanalewa. Jina lilikuwa safu ya pili. Namba ya akaunti ya benki ilikuwa safu ya kumi na tatu. Kwenye kioo changu kidogo, nilipovuta jedwali kulia ili niione akaunti, majina yalitoweka upande wa kushoto. Nikawa nasoma namba zisizo na watu. Mahali fulani katikati ya akina Mwa niliruka mstari mmoja, na akaunti tatu zikapanda juu kwa ngazi moja. Wakulima watatu walipokea fedha ambazo hazikuwa zao. Wawili walirudisha siku hiyo hiyo. Wa tatu alikuwa ameshalipa ada ya mtoto, na sikuwa na uso wa kumlaumu. Ilituchukua wiki mbili, vikao viwili na safari moja ya pikipiki kwenye mvua ya Machi kuyamaliza.

Najua fundi yeyote wa kompyuta atasema kwamba ningeweza kuigandisha safu ya majina isitembee. Ni kweli, na asiyejua kufanya hivyo ajifunze leo. Lakini kugandisha safu kwenye kioo kidogo ni kuikata sinia vipande viwili: majina yanabaki, na nafasi ya kuonea mengine inazidi kuwa finyu.

Kosa la aina ile ni la nadra. Hasara ya kila siku ni ya kimya zaidi, nayo ipo katika kazi ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Kwenye kioo kimoja kidogo karani anafungua taarifa ya benki, anasoma tarehe na kiasi, anaificha, anafungua daftari lake, anatafuta mstari, anasahau kama ilikuwa 486,500 au 468,500, anarudi tena. Mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba akili ya binadamu hushika kwa muda mfupi vitu kama saba, viwili zaidi au viwili pungufu, na wataalamu waliomfuata wameishusha hesabu hiyo. Namba ya akaunti ina tarakimu zaidi ya kumi. Kwa hiyo kila mara tunapomtaka karani abebe namba kichwani kutoka dirisha moja hadi jingine, tunamtwisha mzigo unaozidi ndoo yake, na maji yatamwagika tu. Tufanye hesabu ya haraka. Taarifa ya mwezi ikiwa na mistari 400, na kila mstari ukidai kwenda na kurudi, sekunde tatu kwenda na sekunde tatu kurudi, hizo ni sekunde 2,400, yaani dakika 40 za kufunua na kufunika madirisha, kabla hujahesabu muda wa kufikiri wala muda wa kurudia ulichosahau.

Mnajua makarani wetu wamejiokoa vipi? Wanachapa. Karani anayechapa kurasa kumi na tano za taarifa ya benki, akazilaza kando ya kompyuta na kuweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, amejitengenezea kioo cha pili cha karatasi. Bodi inaona rimu za karatasi zinaisha na wino wa printa unaisha, inaandika waraka wa kubana matumizi, na karani anaendelea kuchapa kwa siri, kwa sababu bila ile karatasi kazi haiendi. Ukitaka kujua ofisi yako inahitaji vioo vikubwa au haihitaji, usiulize mtu. Nenda ukaangalie kilichochapwa jana kikatupwa leo.

Upo pia ushahidi wa watafiti, nami nitautaja kwa uangalifu. Mwaka 2003 Mary Czerwinski na wenzake katika kitengo cha utafiti cha Microsoft waliwalinganisha watu waliofanya kazi za ofisi zenye programu nyingi kwa pamoja, kwenye kioo kikubwa na kwenye kioo kidogo, na wakakuta kwamba kioo kikubwa kiliwasaidia kwa kiwango kinachopimika, tena wenyewe walikipenda zaidi. Mwaka 2008 zikatangazwa namba za utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah ambazo wauza kompyuta wanazipenda mno: waliotumia kioo cha inchi 24 walimaliza kazi zao kwa kasi ya asilimia 52 zaidi ya waliotumia inchi 18, na waliotumia vioo viwili vya inchi 20 kila kimoja waliwazidi hao wa inchi 18 kwa asilimia 44. Utafiti huo uligharamiwa na NEC, kampuni iliyokuwa ikiuza vioo. Mama anayeuza ndizi Tukuyu hatakuambia zimeiva kupita kiasi, kwa hiyo hiyo asilimia 52 siichukui kama ahadi, na nawaomba msiiandike kwenye andiko la bajeti. Kinachonifanya niuheshimu utafiti ule ni namba nyingine ndani yake, ambayo muuzaji asingependa kuipigia tarumbeta: walipotumia kioo cha inchi 26, kasi ilishuka. Vioo vya leo ni bora kuliko vya wakati ule, na sisemi kwamba inchi 26 ni mwiko; nasema tu kwamba ukubwa una mahali pake pa kutosha, na baada ya hapo shingo ndiyo inayolipa.

Hapo ndipo nataka kuzungumza na wajumbe wa bodi, ambao ndio wenye kuidhinisha. Ukubwa wa kioo kwa inchi, ambao hupimwa kutoka pembe hadi pembe, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni idadi ya nukta za mwanga zinazounda maandishi, ambazo mafundi huziita pikseli. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina nukta 1,366 kwa 768, na Excel humo huonyesha mistari ishirini na kitu. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080 kina karibu mara mbili ya nukta hizo na huonyesha takribani mistari arobaini. Kwa kazi zetu, kioo cha inchi 24 chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kinatosha kabisa. Mkitaka inchi 27, hakikisheni kina nukta 2,560 kwa 1,440, la sivyo mtakuwa mmenunua nukta zile zile zilizotandazwa kwenye eneo kubwa zaidi: hamtaona mistari mingi zaidi, mtaona ile ile ikiwa minene.

Kwa sababu hiyo hiyo msinunue runinga. Nimeingia ofisi moja katika nyanda hizi ambako walinunua runinga ya inchi 43 wakaiweka mbele ya mhasibu, kwa hoja kwamba ni kubwa zaidi na bei haikupishana sana. Kioo cha inchi 24 cha aina niliyoitaja kina nukta 92 katika kila inchi. Runinga ya inchi 43 yenye idadi ile ile ya nukta ina 51. Mhasibu yule alisogeza kiti nyuma mpaka ukutani ili herufi zisimparuze macho, na kutoka ukutani hakuweza kuifikia kibodi. Alikuwa akiandika ameiweka mapajani.

Wengi mtanunua vilivyotumika, pale Mwanjelwa au kwa mafundi wa mtaani, na sioni ubaya. Kioo kilichotoka ofisi za Ulaya kinaweza kuwahudumia miaka mingi. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji akiwashe na kuonyesha ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, muone kama kuna mistari, madoa au pembe zilizofifia. Tazameni nyuma kuna matundu gani. Waya wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili za kufungia ni wa VGA, mtindo wa mwaka 1987, ambao hupitisha picha kwa njia inayoweza kulegeza ukali wa herufi, na kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kuuchomeka. Tafuteni chenye tundu la HDMI, mtindo mpya zaidi wa kupitisha picha. Umeme usiwatishe: kioo cha kisasa cha inchi 24 hutumia kama wati 25, ambazo kwa saa nane ni sehemu moja ya tano ya uniti ya LUKU. Umeme ukikatika, kioo cha nje kitazimika na kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake, kwa hiyo faili lililofunguliwa halipotei. Kwa wenye kompyuta ya mezani, betri ya akiba ilikuwa lazima hata kabla ya leo.

Kioo kikishafika, kuna jambo dogo ambalo limeharibu manunuzi mengi. Karani anachomeka waya, na kioo kipya kinaonyesha picha ile ile iliyopo kwenye kompyuta mpakato. Sasa ana sinia mbili zenye chakula kimoja. Bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P, mchague kuendeleza eneo badala ya kurudufu, na vioo viwili vitakuwa meza moja ndefu. Kwenye kioo kimoja kipana, kitufe hicho hicho cha Windows pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia hulibana dirisha katika nusu ya kioo. Taarifa ya benki kushoto, daftari la fedha kulia. Nimekuta kioo kilichokaa miezi minane kikirudufu, na mwenyewe akiapa kwamba hakimsaidii kitu. Alikuwa sahihi.

Kuhusu mahali pa kukiweka sitakuwa na maneno mengi. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mgongoni wala usoni, kwa maana jua letu la huku juu, tukiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, halina huruma hata siku ya baridi. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na macho au chini kidogo. Wenzangu tunaovaa miwani ya kusomea yenye sehemu mbili tukishushe zaidi, vinginevyo tutafanya kazi tumeinua videvu kama wanaonyolewa. Kila baada ya dakika ishirini tazama mbali kwa sekunde ishirini. Walio hapa mjini wana Mlima Loleza.

Lipo jambo la mwisho, na hili limenikera kwa muda mrefu. Katika ofisi nyingi nilizotembelea, kioo kikubwa kuliko vyote kipo kwenye meza ya mkubwa, ambaye anasoma barua moja kwa wakati mmoja na kuisaini kwa kalamu. Anayelinganisha mistari mia nne ana kompyuta mpakato iliyopasuka bawaba. Sisemi haya kwa dharau. Ninyi wakubwa mnapokea wageni, na wageni huangalia meza. Lakini kama chama kina fedha ya kioo kimoja, kiende kwa mwenye kuandaa malipo. Karani wa mizani anayejaza fomu moja tu hakihitaji, wala mpokea simu hakihitaji, na wasipewe kwa ajili ya usawa. Anayepewa naye akubali masharti: kioo kipana kina nafasi pia ya mazungumzo ya WhatsApp ya ukoo mzima, na nafasi hiyo ikijazwa, bodi itakuwa na haki ya kuuliza. Tena kisielekee dirisha la wateja. Makato ya mkulima ni siri yake, na herufi zinazosomeka vizuri kwa karani zinasomeka vizuri pia kwa aliyesimama foleni.

Nyuma ya ukumbi, karibu na meza ya chai, tumeweka kompyuta mpakato mbili zinazofanana. Moja imeunganishwa na kioo cha inchi 24, nyingine iko kama ilivyotoka dukani. Kwenye kila moja kuna taarifa ya benki ya mfano na daftari la fedha la mfano, vyenye mistari sitini na tofauti tano zilizofichwa. Naomba makarani wawili waanze, mmoja kila upande, na mjumbe mmoja wa bodi ashike saa.